Samadi Badala ya Mbolea ya Chumvichumvi: Maharage Yatakubali, Lakini Nani Atabeba?



Tangu bei ya mbolea ilipopanda mwaka 2022, tawi letu la Nakawa limekuwa likiulizwa swali moja na wanachama wa pande mbili. Upande wa kwanza ni wenzetu wa mashamba ya mboga na maua yaliyo nje ya Kampala, walioambiwa na mameneja kwamba shamba litaacha mbolea ya chumvichumvi na kutumia samadi na mboji. Upande wa pili ni wenzetu wa viwandani hapahapa, wenye kipande cha bustani nyuma ya nyumba huko Kyanja, Kiwatule au Mutungo, ambao mshahara wao hauoni mwisho wa mwezi na gunia la mbolea limewashinda. Wote wanauliza: je, samadi inaweza kuchukua nafasi ya mbolea ya dukani, au ni maneno tu?

Jibu letu fupi ni kwamba inaweza, kwa masharti. Jibu refu ndilo tunaloliandika hapa, kwa sababu ndani yake mna jambo la udongo na mna jambo la kazi na malipo, na tumeona kuwa bwana shamba hueleza la kwanza na kulinyamazia la pili.

Tumechagua mfano wa maharage mabichi, yale yanayochumwa maganda yakiwa bado machanga, ambayo wenzetu wa Mwea huko Kenya huyaita mishiri. Kenya ndiyo inayoyalima kwa wingi na kuyapeleka Ulaya kwa ndege; hapa Uganda yanalimwa kidogo. Yanafaa kwa mfano kwa kuwa ni mmea wenye haraka. Ukipanda leo, baada ya siku 45 hadi 60 hivi umeanza kuchuma, na unachuma mara mbili au tatu kwa juma mpaka mmea uchoke. Mmea wa namna hiyo hauna subira. Mbolea ikichelewa, msimu umekwisha. Basi likiwezekana kwa maharage mabichi, kwa mimea mingi litakuwa rahisi zaidi.

Gunia linatoka wapi

Kitu kinachotafutwa hasa ndani ya gunia huitwa naitrojeni. Ndiyo inayojenga majani na kuyapa rangi ya kijani. Katika hewa tunayovuta, sehemu 78 hivi kati ya 100 ni naitrojeni. Lakini mmea umo ndani ya hewa hiyo kama mvuvi aliye katikati ya bahari: maji yamemzunguka pande zote na kiu inamuua. Majani hayawezi kuichukua kutoka hewani. Lazima kwanza ifungwe na kitu kingine, iyeyuke katika maji ya udongo, ndipo mizizi iinywe.

Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alifaulu kuifunga naitrojeni ya hewa na haidrojeni ikawa amonia. Mwaka 1913, chini ya uongozi wa Carl Bosch, kiwanda cha BASF huko Oppau kikaanza kuitoa kwa tani. Mwaka uliofuata vita vikaanza, na amonia hiyo ikageuzwa baruti. Hilo ni somo la siku nyingine. Hata leo mbolea ya namna hii hutengenezwa kwa njia hiyohiyo, kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, na haidrojeni nyingi hutolewa katika gesi ya ardhini. Ndiyo maana vita vilipoanza Ukraine Februari 2022 na gesi ikawa ghali, mkulima wa Mukono alitozwa. Yurea, ambayo mwanzoni mwa 2021 ilikuwa chini ya dola 300 kwa tani katika soko la dunia, ilipita dola 900 mwezi Aprili 2022. Uganda haitengenezi hata kilo moja ya naitrojeni hii. Tuna fosfeti katika vilima vya Sukulu karibu na Tororo, lakini fosfeti ni chakula kingine kabisa cha mmea.

Wanachama wajue pia kusoma gunia. Yurea ina naitrojeni 46 katika kila 100. Ile iitwayo CAN ina 26 au 27. DAP ina 18, na pamoja nayo fosfeti 46. Maana yake, gunia la CAN la kilo 50 lina kilo 13 tu za naitrojeni. Zilizobaki ni vitu vya kuibeba. Kumbukeni hesabu hii, tutairudia.

Maharage hujitafutia, lakini si sana

Wazee wetu walijua kwamba mahindi yanayopandwa baada ya kunde au maharage hutoka vizuri. Sababu ni kwamba katika mizizi ya mimea ya jamii hii hukaa bakteria wanaojua kuifunga naitrojeni ya hewa bila kiwanda. Mmea huwapa sukari, nao huulipa mmea naitrojeni. Ng'oa shina la maharage taratibu kwa jembe, si kwa kuvuta, suuza udongo, utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Kata kimoja kwa ukucha. Kikiwa cha rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, hakijaanza au kimegoma. Kikiwa cha kijani au kahawia, kimezeeka.

Hapo mtu atasema, basi maharage hayahitaji mbolea. Hapana. Katika jamii yake, maharage ya kawaida ni mvivu wa kazi hii ukiyalinganisha na soya au kunde. Tena vinundu huchukua majuma kadhaa kuanza kazi, na maharage mabichi yanakuwa yamekwisha kufikia maua. Kwa hiyo yanahitaji kitu cha kuanzia. Wenye mbegu wanaweza kuzichanganya na unga wa bakteria kabla ya kupanda. Chuo Kikuu cha Makerere kimewahi kuutengeneza, na Kenya huuzwa madukani. Unga huo ni viumbe hai: ukiuacha juani au ukiuchanganya na mbolea ya chumvichumvi, umewaua.

Na hapa pana jambo ambalo mabwana shamba wengine hulisahau. Ukimwaga naitrojeni nyingi, vinundu huacha kazi, kama mtu aliyepewa posho ya bure. Mmea hutoa majani mengi ya kijani kizito, maganda yanakuwa machache, vidukari na magonjwa ya ukungu hupata makao. Shamba linapendeza barabarani, lakini mizani inalia.

Hesabu ya ekari moja

Maelezo ya kilimo cha maharage mabichi huko Kenya kwa muda mrefu yamekuwa yakishauri kilo 200 za DAP wakati wa kupanda na kilo 100 za CAN baadaye, kwa hekta moja, pamoja na samadi tani 10. Tuigeuze kwa ekari, kwa kuwa ndiyo tunayoijua: DAP kilo 80, CAN kilo 40. Naitrojeni iliyomo humo ni kama kilo 25. Hayo yote ni magunia mawili na nusu. Kijana mmoja huyabeba kwa toroli kwa safari mbili tatu na akawahi chai.

Sasa tuchukue samadi. Tani moja ya samadi ya ng'ombe iliyoiva, ikiwa na unyevu wake, huwa na naitrojeni kilo 5 hadi 10. Inategemea ng'ombe alikula nini, na kama lundo liliezekwa au liliachwa mvua iuoshe utamu wote. Tuseme kilo 7. Lakini naitrojeni ya samadi imefungwa ndani ya mabaki, na vijidudu vya udongo lazima viyale ndipo itoke. Katika msimu wa kwanza mmea hupata kama theluthi moja tu. Kwa hiyo tani moja inatupa kilo mbili na kitu. Ili kupata zile kilo 25, tunahitaji tani 11 kwa ekari.

Toroli lililojaa samadi huchukua kama kilo 60. Tani 11 ni safari zaidi ya 180. Lundo likiwa mita 100 kutoka shambani, kwenda na kurudi ni mita 200, na safari zote pamoja ni zaidi ya kilomita 36, nusu yake ukisukuma mzigo. Bado hujapakia kwa sepeto, bado hujamwaga, bado hujasambaza wala kuchanganya na udongo kwa jembe. Hii ndiyo maana ya swali letu la juu: nani atabeba?

Samadi ya kuku ni nguvu zaidi. Tani moja ya mavi ya kuku yaliyochanganyika na matandiko yao huweza kuwa na kilo 25 hivi za naitrojeni, na kama nusu hutoka katika msimu wa kwanza. Hapo tani 2 kwa ekari zinatosha, safari 33 au 34. Lakini kwa ukali huohuo, ikiwekwa mbichi huunguza mizizi ya maharage, na harufu yake ya amonia huchoma macho na kifua cha anayeigeuza.

Msimu wa pili na wa tatu mzigo hupungua, kwa sababu samadi ya kwanza bado inatoa kidogokidogo. Shamba linalofikiria kuhama liambiwe wazi kwamba msimu wa kwanza ndio mgumu kwa udongo na kwa mgongo.

Jambo jingine: ukiondoa DAP hujaondoa naitrojeni peke yake. Umeondoa na fosfeti, na vinundu vya maharage bila fosfeti havifanyi kazi. Samadi ina fosfeti kiasi, lakini kwenye udongo wetu mwekundu uliochoka yafaa kuongeza fosfeti kutoka kwingine. Jivu la kuni nalo husaidia, hupunguza uchachu wa udongo na huleta potasi.

Waliojaribu kabla yetu

Huko Kabete, pembeni ya Nairobi, watafiti wa serikali ya Kenya walianza jaribio mwaka 1976, la mahindi katika mvua ndefu na maharage katika mvua fupi, kwenye viwanja vilevile mwaka baada ya mwaka. Viwanja vingine vilipewa mbolea ya chumvichumvi peke yake, vingine samadi, vingine vyote viwili, vingine havikupewa kitu. Vile vya mbolea peke yake vilianza vizuri, lakini kadiri miaka ilivyopita mavuno yakateremka na udongo ukazidi kuwa mchachu. Vya samadi vilitunza udongo vizuri zaidi. Vilivyoongoza kwa mavuno ni vile vilivyopewa samadi pamoja na mbolea.

Sisi tunalipenda jaribio hili kwa sababu halikufanywa Ulaya, limefanywa kwenye udongo unaofanana na wa ndugu zetu wengi. Nalo linatuonyesha njia ya kati ambayo mameneja wengi hawaitaji: samadi tani nne au tano kwa ekari, na nusu gunia la CAN lililowekwa pembeni ya mistari majani yanapofika mawili matatu. Asiyelima kwa ajili ya soko la kilimo hai hana sababu ya kukataa nusu gunia.

Mfano wa pili ni wa kutisha. Mei 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea za chumvichumvi nchi nzima kwa mara moja. Samadi na mboji ya kutosha haikuwapo, na tani za namna ile hazipatikani kwa tangazo la redio. Novemba mwaka uleule marufuku ikaondolewa, lakini mpunga ulikuwa umekwisha kupungua sana, na chai pia. Wachumaji wa chai wa mashamba makubwa ya nchi ile hutazamiwa kufikisha kilo za kila siku. Majani yakipungua mtini, mchumaji hawezi kuyaongeza kwa bidii. Wenzetu wa chai wa Fort Portal na Bushenyi wanaelewa bila kuelezwa.

Hivyo hatusemi kwamba samadi ni mbaya au kwamba gunia ni baya. Hapa Uganda mbolea ya dukani inayotumika kwa hekta ni kidogo mno, kilo chache tu, ambapo viongozi wa Afrika walikubaliana huko Abuja mwaka 2006 kufikia kilo 50. Kumhubiria mkulima wetu hatari ya mbolea nyingi ni kama kumhubiria mwenye njaa hatari ya kunenepa. Ni mashamba makubwa ya maua na mboga ndiyo yanayotumia kwa wingi, na hayo ndiyo yana deni kwa udongo na kwa maji ya ziwa.

Mboji ya Nakawa

Tuje nyumbani. Nakawa ina mali nyingi inayoitwa takataka. Soko letu la Nakawa kila siku linatoa maganda ya matoke, majani ya kabichi, mabua na matunda yaliyooza. Viwanda vya kahawa vya Kampala vinatoa makapi. Wafugaji wa kuku wako kila mtaa. Kwa miaka mingi mabaki haya yalipakiwa kwenye malori kwenda Kiteezi, jalala lililofunguliwa mwaka 1996, mpaka tarehe 10 Agosti 2024 lundo lilipoporomoka likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Sehemu kubwa ya lundo lile ilikuwa vitu vya kuoza, ambavyo vingekuwa chakula cha bustani.

Kulima mjini si kosa tena kama zamani askari wa jiji walipokuwa wakifyeka mahindi. Kanuni za Kampala za kilimo cha mjini zilipitishwa mwaka 2006, na KCCA ina kituo chake cha kilimo cha Kyanja, ndani ya Nakawa yetu. Mwanachama anayetaka kuona mboga zinavyolimwa katika nafasi ndogo aende huko akaangalie, ni karibu kuliko shamba lolote la mfano.

Namna ya kutengeneza mboji ni hii. Panga lundo la urefu, upana na kimo kisichopungua mita moja, kwa matabaka: vikavu (makapi ya kahawa, majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa), kisha vibichi (maganda, majani, magugu yasiyo na mbegu), kisha mavi ya kuku au ng'ombe kidogo. Usiweke makapi ya kahawa peke yake. Vijidudu vinavyokula vitu vikavu vinataka naitrojeni kama sisi tunavyotaka maharage kwenye posho. Visipoipata ndani ya lundo vitaikopa kwenye udongo wa shamba lako, na maharage yatageuka manjano ingawa umeyawekea mbolea. Wengi hukata tamaa na mboji kwa sababu hiyo, na kosa ni la makapi.

Nyunyiza maji mpaka ukikamata konzi na kuibana itoe tone moja au mawili, si zaidi. Funika kwa majani ya migomba. Chomeka kijiti kirefu mpaka katikati. Baada ya siku chache kikitolewa kiwe cha moto kiasi cha kutoweza kukishika kwa raha. Joto hilo ndilo linaloua mayai ya minyoo, mbegu za magugu na vijidudu vya kuhara. Lundo la baridi linaoza tu, halisafishi. Likianza kupoa, geuza, vya nje viingie ndani. Geuza tena na tena. Kwa miezi miwili au mitatu itakuwa nyeusi, haitambuliki ilikuwa nini, na inanuka udongo wa msitu baada ya mvua. Ikinuka amonia au kinyesi, bado.

Kwa tuta la mita 10 kwa mita 1, weka debe mbili na nusu za samadi ya ng'ombe iliyoiva, au kilo 5 za mboji ya mavi ya kuku, uchanganye na udongo majuma mawili au matatu kabla ya kupanda. Kama majani ya chini ya maharage yanaanza kuwa manjano mapema, samadi inachelewa. Dawa ya haraka ni ule mmea wa maua ya manjano unaofanana na alizeti, tithonia, unaoota kando za barabara. Majani yake yakikauka yana naitrojeni kama 3.5 katika 100, zaidi ya samadi nyingi, na huoza upesi. Watafiti wa Kenya ya magharibi waliyachunguza sana miaka ya 1990. Loweka kwenye pipa majuma mawili, zimua, mwagia kwenye mizizi. Harufu yake majirani hawataipenda.

Tahadhari mbili. Takataka za soko zichambuliwe kwa mikono yenye glavu: mna vioo, sindano, betri na plastiki. Na tope kavu la mtambo wa maji machafu wa Bugolobi, ambalo wakulima wamekuwa wakilinunua kwa miaka mingi, lisiwekwe kwenye maharage. Maji machafu ya mji hupokea na ya viwandani, na humo huweza kuwa na risasi na kadmiamu, ambazo moto wa lundo hauzichomi. Yaacheni kwa miti na maua. Wanunuzi wa Ulaya nao, katika kanuni za GlobalGAP, wanakataza kinyesi cha binadamu kisichosafishwa.

Samadi mbichi na mkono wa mchumaji

Kanuni za kilimo hai za Marekani zinasema samadi mbichi iwekwe si chini ya siku 90 kabla ya kuvuna mazao yasiyogusa udongo, na siku 120 kwa yanayogusa. Maharage mabichi yanaanza kuchumwa kabla ya siku 60. Fanyeni hesabu wenyewe: samadi mbichi haina nafasi katika msimu wa maharage, lazima iwe imeiva na kupata moto. Shamba likiona haraka na kumwaga mbichi, hatari ni ya mlaji, na kabla yake ni ya mchumaji anayeshika maganda na kisha kula muhogo kwa mkono uleule. Penye samadi lazima pawe na maji na sabuni mwisho wa kila mstari. Pipa moja la ofisini halitoshi.

Tulifika katika shamba moja la mboga lililokuwa limehamia kwenye samadi. Akina mama walikuwa wakiisambaza kwa mikono mitupu na kandambili, mnyapara akisema kwamba hii si sumu kama dawa ya kupulizia, kwa hiyo gambuti za nini. Kipimo cha siku kilikuwa kilekile cha wakati wa magunia, mistari ileile. Aliyeshindwa kumaliza aliandikiwa nusu siku. Hili ndilo tunalolipinga. Samadi si sumu, ni kweli. Lakini ina minyoo inayopenya nyayo, ina pepopunda inayoingia kwa mkwaruzo mdogo, na vumbi lake likikauka huziba kifua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa gharama yake, na haikusema ni kwa kemikali peke yake. Gambuti, glavu, kitambaa cha pua, na sindano ya pepopunda kabla ya kazi kuanza.

Na kuna mshahara. Kima cha chini kilichowekwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia sahihi. Kwa hiyo kinachomlinda mfanyakazi wa shamba ni mkataba wa chama, na mkataba ulioandikwa enzi ya gunia haujui toroli 180.

Mambo ya kuandikwa katika mkataba ni haya. Kazi ya samadi iwe na kipimo chake, kipimwe kwa uzito na umbali, na wawakilishi wa wafanyakazi wawepo siku ya kupima. Lundo liwekwe karibu na shamba, lori lifike huko. Kila mita 50 zinazopunguzwa ni kilomita 18 ambazo hatutembei kwa ekari. Wachumaji wanaolipwa kwa kilo walipwe si chini ya wastani wao wa msimu uliopita kwa misimu miwili ya mwanzo, maana mavuno yakishuka kwa sababu samadi imechelewa kuachia naitrojeni, kosa si la vidole vyao. Na bei nzuri ya kilimo hai ikipatikana, kwa alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki ya mwaka 2007 au nyingine yoyote, sehemu yake irudi kwa walioibeba.

Kila mwakilishi wa shamba linalotaka kuhama aanze sasa: aandike kilo za kila mchumaji kwa misimu miwili iliyopita kutoka kwenye vipande vyao, apime toroli moja lililojaa kwa mizani ya kupimia maharage, apige hatua kutoka penye lundo mpaka mstari wa mwisho, na ahesabu safari za siku moja. Karatasi hiyo ifike tawini kabla ya kikao na mwajiri, ikiwa na tarehe na sahihi mbili.